Maini ya Baba Mkwe

Inspekta alipoingia wodi ya dharura Jumapili jioni, alimkuta mzee akipiga randa.

Randa haikuwepo, wala ubao haukuwepo. Alikuwapo mzee tu, amekaa kitandani macho yamemtoka, mikono yake ikisukuma hewa mbele na kuirudisha. Mara kwa mara alisita, akafumba jicho moja kutazama kama ubao umenyooka, akatikisa kichwa na kuanza upya.

"Ni fundi seremala, amestaafu," muuguzi alisema. "Yuko hivyo tangu aletwe. Mboni zimepanuka, kinywa kikavu, ngozi inawaka moto, moyo unakwenda mbio. Mwanawe na binti yake wako chumba cha pili. Dalili ni hizohizo, ila wao wana nafuu."

"Sumu?"

"Daktari anasema sumu. Ni sumu gani, bado hajajua."

"Walikula nini?"

"Sungura."

Nyuma ya Inspekta, Sajini alirudi hatua moja. Alikuwa mwanamume wa miraba minne ambaye aliwahi kumkamata jambazi mwenye panga bila kupepesa jicho, lakini chakula chochote asichokizoea kilimtia homa.

Mtaani Inspekta aliitwa Sindano, kwa kuwa maswali yake yalikuwa madogo na maumivu yake yalikuja baadaye. Alikuwa mama wa makamo, mpole wa sura, na alichukia kesi nyepesi. Kila alipoletewa kesi ambayo kila mtu amekwisha kuimaliza kwa mdomo, aliianza upya tangu mwanzo.

Kesi hii iliishia mdomoni mwa binti wa mzee. Binti huyo alikuwa msusi, na sumu ilikuwa imemkausha koo lakini haikumkausha maneno.

"Afande, usihangaike kwenda mbali," alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Kikulacho ki nguoni mwako. Ni wifi yangu."

"Ulimwona akitia kitu?"

"Sikumwona akitia. Nilimwona hali nyama. Alitupakulia wote. Baba akapewa maini, ndiyo desturi yake. Kaka akapata paja, mimi mgongo. Yeye akala maharage. Mtu anafuga sungura, anachinja, anapika, halafu anakula maharage?"

"Ilikuwa mara yake ya kwanza kula maharage siku ya sungura?"

"Sijui. Sina kawaida ya kuchungulia sahani ya mtu."

"Kuna ugomvi nyumbani?"

"Yeye na baba hawasemezani. Wamepata kiwanja nje ya mji, yeye na kaka, wanajenga. Anataka kuhamia huko na sungura wake. Baba hataki. Sasa unganisha mwenyewe."

Kwenye kitanda cha jirani alilala kaka mtu, dereva wa gari la mikate, amejifunika macho kwa taulo kwa sababu mwanga ulimchoma.

"Mke wangu hawezi," alisema.

"Hawezi nini?"

"Hilo mnalolisema."

"Kwa nini hasemezani na baba yako?"

"Baba ndiye hasemi. Mke wangu anamwamkia kila asubuhi, anaitikiwa kwa kikohozi."

Koridoni daktari alimvuta Inspekta pembeni. "Hawa wawili watapona. Mzee moyo wake umechoka, naye amekula sumu nyingi kuliko wenzake. Akivuka usiku huu ni heri. Asipovuka, kazi yako itabadilika jina."

Inspekta alielewa. Jaribio la kuua lingegeuka mauaji, na mshukiwa alikuwa mmoja tu.

Walimkuta mshukiwa huyo uani, amevaa buti za mpira, anajaza maji kwenye vikopo vya sungura. Mabanda yalipangwa ukutani safu mbili, kazi safi ya seremala anayejua kazi, mbao zimeumana bila msumari kuonekana. Juu ya paa la mabanda majani yalikuwa yametandazwa, yamenyauka.

"Kwa nini unawapa majani makavu na nje kuna mabichi?" Inspekta alianza hivyo, kwa sababu hapendi kuanza na swali analotarajiwa kuuliza.

"Mabichi yenye umande yanawavimbisha matumbo. Nayakata leo, wanakula kesho." Alifuta mikono kwenye gauni. "Baba anaendeleaje?"

"Yuko hai. Vyombo vya chakula viko wapi?"

"Nimeviosha."

"Umeviosha haraka."

"Nilikuwa naviosha walipoanza kuumwa, afande. Baba alianza kuongea na ukuta, nikaacha sufuria tu. Hiyo hapo, ina mabaki."

Kutoka jikoni sauti ya Sajini ilisikika, nyembamba kuliko kawaida. "Afande, kwenye friji kuna kitu kimechunwa."

"Ni nusu ya sungura yuleyule," mwanamke alisema. "Nampasua katikati. Nusu ya Jumapili, nusu ya katikati ya wiki."

"Mbona mguu mmoja una manyoya?"

"Wateja wakija wanataka kuuona mguu, wawe na hakika si paka. Nimeshazoea, hata wa nyumbani namwachia."

Sajini alifunga friji polepole na kwenda kusimama penye hewa.

"Leo wateja wangapi wamechukua nyama?" Inspekta aliuliza.

"Hakuna. Wiki hii sijachinja mwingine."

Inspekta alishusha pumzi. Hilo angalau lilikuwa jema. "Huyu ulimchinja lini?"

"Leo, baada ya chai. Dume la banda la chini. Nilimchagua kwa sababu alinawiri kuliko wote. Nilitazama maini kabla ya kupika, yalikuwa safi, hayana doa. Yakiwa na madoa namtupa mzima."

"Na hukumla."

"Huwa siwali."

"Unafuga sungura wa nyama, na nyama huli."

"Nawapokea wakiwa hawana manyoya, macho hayajafumbuka. Wengine mama yao akifa nawanyonyesha kwa bomba la sindano. Siku ikifika namchinja mwenyewe, upesi, asiteseke, maana ndiyo kazi. Lakini kumtafuna imenishinda. Hata fundi viatu havai kila kiatu anachoshona."

Lilikuwa jibu zuri. Ubaya wa jibu zuri ni kwamba mwuaji naye anaweza kulitoa. Alikuwa amechinja yeye, amepika yeye, amepakua yeye, na chakula hicho hakukigusa. Inspekta alichukua vielelezo vyake, sufuria, chumvi, viungo vyote na ile nusu ya kwenye friji, kisha akamwambia mwanamke huyo avue buti avae viatu.

Hakulia. Aliuliza kitu kimoja tu. "Nani atawapa maji?"

"Sajini atawapa," Inspekta alisema.

"Mimi, afande?" Sajini aliuliza.

Mzee alivuka usiku. Inspekta aliipata habari hiyo asubuhi kwa simu, akiwa bado hajavua koti. Hakujua mpaka wakati huo jinsi alivyokuwa ameiogopa simu ile.

Simu ya pili ilitoka maabara.

"Nimeipata sumu yako," mkemia alisema. "Inatokana na mmea, ile inayopanua mboni na kumfanya mtu aweweseke. Porini kuna mimea ya namna hiyo. Chumvi safi, viungo safi."

"Kwenye sufuria?"

"Kwenye sufuria imo. Lakini hilo silo lililonikalisha hapa bila kula. Imo pia kwenye nyama mbichi, ile ya friji, isiyoguswa na mchuzi wala chumvi. Imo ndani ya nyama yenyewe. Na ukinipa maini nitakuapia yalikuwa nayo zaidi."

"Maini aliyala mzee."

"Ndiyo maana hali yake ilikuwa mbaya zaidi."

Inspekta aliweka simu chini. Sumu ilikuwa ndani ya sungura kabla hajafika jikoni. Lakini sungura aliyenyweshwa sumu ya kumwangusha seremala mzima anawezaje kunawiri?

Alikuwa angali anaizungusha kichwani Sajini alipoingia, kidole chake cha shahada kimeinuliwa juu kama ushahidi mahakamani.

"Nimewapa maji, afande. Nikasema nitoe na kinyesi kwenye trei, maana harufu haivumiliki. Kitu kimenichoma."

"Sungura amekuuma?"

"Sungura hana neno. Ni hiki." Alitoa mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na tunda la kijani lililokauka, dogo, limejaa miiba pande zote, pamoja na mashina manene yaliyotafunwa majani yote. "Yalikuwa chini ya mabanda ya safu ya chini, yamechanganyika na kinyesi. Ya chini tu, safu ya juu hayamo."

Inspekta aliutazama mfuko ule kwa muda, kisha akambusu Sajini wake kwa macho, maana kwa njia nyingine kanuni za jeshi haziruhusu.

Daktari wa mifugo aliutambua mmea kabla mfuko haujafika mezani. "Mranaha huu. Ua lake jeupe, refu, kama tarumbeta. Unaota majalalani. Mbuzi akila anakufa, mtu akila anapagawa, na mara nyingine anakufa."

"Na sungura?"

"Hapo ndipo watu hukosea. Sungura wengi wana kitu kwenye damu kinachoivunja sumu hiyo. Anaweza kuula siku nyingi, asiumwe hata sikio, akanenepa. Lakini sumu isiyovunjika bado inabaki nyamani. Anayemla ndiye anayeumwa."

"Watu wangapi wanalijua hilo?"

"Hapa mjini? Mimi. Na sasa wewe."

Ndani ya gari Inspekta hakuwasha injini.

"Sajini, ukitaka kuua watu kwa sufuria, utakula kwenye sufuria hiyo?"

"Mimi, afande, sufuria ile nisingeila hata bila sumu."

"Sawa. Sasa tuseme hutaki kuua watu. Unataka sungura wafe. Unawapa mranaha kwa sababu unajua unaua mbuzi. Siku zinapita, sungura hawafi, wanazidi kunenepa. Utasemaje?"

Sajini alijikuna kidevu. "Nitasema wazee walinidanganya. Si sumu."

"Halafu Jumapili nyama inaletwa mezani."

"Nitakula, tena kwa raha zangu." Kisha akageuka kwenye kiti. "Kumbe mtu wetu ni mmoja wa waliokula."

"Na aliyekula maharage ndiye tuliyemfungia." Inspekta aliwasha injini. "Dereva anatoka na mikate alfajiri, anarudi jioni. Msusi anakuja Jumapili tu, kula. Mchana mkwe akitoka kukata majani, nani anabaki uani?"

Kabla ya kwenda hospitali alipita mahabusu. Mwanamke alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani. Inspekta alimwonyesha tunda lile kupitia nondo.

"Unalijua?"

Mwanamke alirudi nyuma. "Hilo silisogezi karibu na mabanda. Limetoka wapi?"

"Kwenye trei ya dume uliyemchinja."

Alifikiri, na Inspekta akaona usoni mwake kwamba amelipata jibu. Alifumba mdomo kwa kiganja. Hakutaja jina la mtu yeyote, na Inspekta hakumlazimisha.

Mzee alikuwa ameketi, ameegemea mto, mboni zimerudi kawaida yake, uso umenywea. Mikono ilitulia juu ya shuka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Unakumbuka nini?"

"Maini. Halafu nakumbuka nikipiga randa ubao mmoja mrefu, hauishi."

"Mkweo yuko mahabusu."

Mzee aligeuza shingo. "Kwa kosa gani?"

"Jaribio la kukuua wewe na wanao."

"Mtoe."

"Kwa sababu gani?"

"Kwa sababu hakufanya kitu."

"Unajuaje?"

Mzee alivuta shuka kifuani. Inspekta alitoa mfuko wa plastiki, akauweka juu ya shuka, karibu na mkono wa mzee.

"Hauui," mzee alisema kwa sauti ya chini. "Nilikuwa najua unaua. Tulipokuwa watoto tulichapwa tukiugusa, mbuzi wa babu walikufa kwa ajili yake. Nikaukata jalalani, nikawapa. Wakala. Kesho yake wako hai. Nikawapa tena, wakazidi kung'aa. Nikajiambia labda mbuzi wa babu walikufa kwa jingine. Nikaacha."

"Ukakaa mezani ukala."

"Nikala maini yote. Na mwanangu nikamwangalia anakula. Na binti yangu." Aliusukuma mfuko mbali. "Ningejua, afande, ningemwaga sufuria ile kwa mikono yangu."

"Nakuamini. Lakini bado hujaniambia. Mabanda yale umeyatengeneza wewe. Kwa nini ulitaka sungura wafe?"

Mzee alitazama dirishani, na aliposema, alisema upesi, kama mtu anayeng'oa mwiba.

"Mkwe alinijia na karatasi. Baba, nichoree mabanda ya kiwanja kipya. Nikachora. Majike hapa, madume kule, wenye watoto mahali pasipo upepo. Kila sungura alikuwa na chumba chake. Nikangoja waniambie na mimi nitalala wapi. Hakuna aliyeniambia. Nikamrudishia karatasi yake, na tangu siku hiyo ulimi wangu ukafungika. Mama yao amekufa, binti ameolewa na kazi yake, hawa ndio waliobaki. Nikasema sungura wakifa, hakuna sababu ya kuhama."

Hakulia. Alikunja ncha ya shuka, akaikunjua, akaikunja tena. Inspekta alihisi hasira aliyokuja nayo ikimwishia, akaandika maneno ya mzee bila kupunguza wala kuongeza, akamsomea, akampa kalamu. Mzee alitia sahihi.

"Nitafungwa?"

"Jalada litasomwa na mwendesha mashtaka, siyo mimi. Hukukusudia kumdhuru mtu, nami nitaliandika hilo. Kuna kosa la kuharibu mali ya mkweo, akilalamika. Ila itamwia vigumu kulithibitisha, maana mali yake imenenepa."

Kutoka kwenye kiti cha mlangoni Sajini alikohoa kuficha kicheko. Mzee hakucheka, lakini mabega yake yalishuka.

Mkwe alitolewa mchana huohuo. Inspekta mwenyewe alimfungulia, akamwomba radhi kwa maneno ya wazi, kisha akamweleza kila kitu barazani pa kituo, mpaka ile karatasi ya mabanda. Mwanamke alisikiliza mpaka mwisho.

"Unalalamika?" Inspekta aliuliza. "Ni haki yako."

"Nipeleke kwake kwanza."

Wodini walimkuta mumewe amesimama karibu na kitanda cha baba yake, na msusi amekaa miguuni, amenyamaza, jambo ambalo Inspekta alilihesabu kuwa dalili nyingine ya sumu. Mzee alipomwona mkwe alijaribu kuinuka.

"Nisamehe, mwanangu."

"Nimelala kwenye saruji, baba. Nimeitwa muuaji na mlinzi, na mfagiaji, na mlevi wa chumba cha pili. Kwa majani yako."

"Najua."

"Hujui. Nilikuwa naomba usife, hata kujiombea mwenyewe nilisahau." Alisogea karibu na kitanda. "Inspekta ameniambia kisa. Ungeniuliza, baba. Neno moja tu."

"Na nyinyi mngeniambia."

"Ni mimi," dereva alisema, macho yako sakafuni. "Mke wangu alitaka uambiwe siku ya kwanza. Nikamkataza. Tulipogusa tu kitanda cha mama kukisogeza, ulikataa kula. Nikasema nitapiga paa kwanza, nikupeleke, nikuonyeshe chumba kwa macho, usipate nafasi ya kukataa."

"Chumba gani?"

"Cha mbele," mkwe alisema. "Kinaingia jua la asubuhi. Nje kuna kibaraza cha kuweka meza yako ya kazi, na kitanda cha mama kinatosha, nimekipima."

Mzee aliwatazama mmoja mmoja. Msusi ndiye aliyeanza kulia, kwa kelele, akamshika wifi yake mkono na kuung'ang'ania, na wifi yake hakuutoa. Inspekta aligeukia ukutani kusoma tangazo la kunawa mikono. Alilisoma lote, akalirudia, kifua chake chepesi kuliko ilivyokuwa siku nyingi.

"Mlango wa chumba hicho," mzee aliuliza nyuma yake, "mmempa fundi gani?"

"Hauna mlango bado," mkwe alijibu. "Fundi tuliyemtaka alikuwa hasemi na sisi."

Mzee alijifuta uso kwa shuka. Kisha akauliza upana.